Mashine iliyojua hesabu moja tu, ikazipita kompyuta kubwa

UKIWA nje ya mji usiku wa mwezi Mei, mahali pasipo na taa za umeme, geuka utazame upande wa kusini. Juu kidogo ya Msalaba wa Kusini, upande wa kushoto, utaona alama hafifu yenye ukungu, kama nyota iliyopakwa maziwa. Hiyo si nyota moja. Ni kundi la nyota liitwalo Omega Centauri, lenye nyota takriban milioni 10 zilizosongamana kama watu gulioni, umbali wa miaka ya nuru takriban 17,000 kutoka hapa duniani.

Makundi ya namna hiyo yako zaidi ya 150 kuizunguka galaksi yetu, na mengi yana umri unaozidi miaka bilioni 10. Ndani ya kila kundi, kila nyota inazivuta nyota nyingine zote, nazo zinaivuta. Hakuna kamba wala ukuta unaozishikilia pamoja isipokuwa nguvu ya uvutano, ile ile inayoangusha embe lililoiva.

Swali lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi ni jepesi kuuliza: je, kundi kama hilo mwisho wake ni nini? Linatulia, linasambaratika, au linaporomokea ndani? Hakuna binadamu awezaye kukaa miaka bilioni moja akitazama. Njia iliyobaki ni kukokotoa, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Hii ni habari ya kikundi kidogo cha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, nchini Japani, ambao walichoka kungoja zamu kwenye kompyuta za wengine wakaamua kutengeneza ya kwao. Mashine yao haikuweza kuandika barua, kuchora picha wala kupiga mahesabu ya mishahara. Ilijua jambo moja tu. Lakini kwa jambo hilo moja, ilizipita kompyuta zilizogharimu fedha nyingi kuliko yenyewe.

Salamu za harusini

Ili kuelewa tatizo lenyewe, chukua mfano wa harusi. Wageni 10 wakitaka kila mmoja ampe mkono kila mwenzake, zitahitajika salamu 45. Wageni wakiwa 100, salamu zinafika 4,950. Wakiwa 1,000 zinakuwa 499,500. Wageni wameongezeka mara 100, lakini salamu zimeongezeka zaidi ya mara 11,000.

Nyota nazo ni hivyo hivyo. Kwa kila jozi ya nyota lazima ipatikane nguvu ya uvutano kati yake, kisha kila nyota isogezwe kidogo mahali inapovutwa. Baada ya kusogea, umbali wote umebadilika, na salamu zinaanza upya. Kuiga maisha ya kundi zima kunahitaji hatua za namna hiyo nyingi mno.

Wa kwanza kulikabili tatizo hilo kwa kifaa maalumu hakutumia kompyuta hata kidogo. Mwaka 1941 mtaalamu wa Sweden, Erik Holmberg, alipanga mezani balbu za taa 74, kila 37 zikiwa badala ya galaksi moja. Alijua kwamba mwanga hupungua kwa umbali kwa kanuni ile ile ya uvutano: ukienda mbali mara mbili, unabaki robo. Hivyo alipima mwanga uliofika mahali pa kila balbu, akajua balbu hiyo ingevutwa kwenda wapi, akaisogeza kwa mkono, kisha akapima tena. Kwa njia hiyo aliona jinsi galaksi mbili zinazopishana karibu zinavyoweza kuvurugana.

Kompyuta zilipofika, kazi iliendelea polepole. Mwaka 1960 Sebastian von Hoerner wa Ujerumani alifuatilia nyota 16 tu. Sverre Aarseth wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alianza miaka hiyo ya 1960 kuandika programu ambazo aliendelea kuziboresha kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, hadi miaka ya 1980 kundi la nyota 1,000 lilikuwa bado mzigo mzito.

Ubishi juu ya moyo wa kundi

Katika miaka hiyo ya 1980 kukazuka ubishi. Wataalamu walikwisha kubaliana kwamba kundi la nyota lina tabia ya ajabu. Sufuria ya uji ikipoteza joto, inapoa. Kiini cha kundi la nyota kikipoteza nishati, kinapata joto zaidi. Sababu ni kwamba nyota za ndani zikitoa nishati kwa nyota za nje, zinaanguka karibu zaidi na kituo, na zikianguka zinakwenda mbio zaidi. Kwa nyota, kwenda mbio ndilo joto lenyewe. Kadiri kiini kinavyopata joto ndivyo kinavyotoa nishati zaidi, na hivyo kinazidi kusinyaa hadi kinaporomoka.

Mporomoko huo unazuiwa na nyota pacha. Nyota mbili zinazozungukana kwa karibu zinapokutana na ya tatu, huirusha kwa kasi, na nishati hiyo hukizuia kiini kisiendelee kusinyaa. Hadi hapo hakukuwa na ubishi mkubwa. Swali lilikuwa: baada ya hapo je?

Daiichiro Sugimoto wa Chuo Kikuu cha Tokyo, pamoja na mwenzake Erich Bettwieser, walitoa jibu mwaka 1983 na 1984. Walisema kiini hakitulii. Kitapanuka, kitasinyaa tena, kitapanuka tena, kama kifua cha mtu anayepumua. Walilipata jibu hilo kwa kulichukua kundi kama vile ni gesi, si kwa kufuatilia nyota moja moja.

Baadhi ya wenzao hawakusadiki. Walisema kupumua huko huenda kumetokana na namna hesabu ilivyofanywa, si tabia ya nyota halisi. Mwaka 1987 Jeremy Goodman alionyesha kwamba jambo hilo lingeweza kujitokeza kwenye makundi yenye nyota zaidi ya 7,000 hivi. Maana yake ilikuwa wazi. Ili kumaliza ubishi, ilibidi kufuatilia maelfu mengi ya nyota, moja baada ya nyingine, kwa usahihi mkubwa na kwa muda mrefu. Hakukuwa na kompyuta ya kufanya hivyo.

Wazo kutoka kwa mtu wa redio

Msaada ulitoka kwa jirani. Yoshihiro Chikada alikuwa mtaalamu wa darubini za redio katika kituo cha Nobeyama nchini Japani. Kwa kazi zake alikuwa amezoea kuunda mashine za kukokotoa jambo moja tu, kwa sababu mawimbi yanayopokewa na darubini yalikuwa mengi mno kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 1988 alipendekeza kwamba hesabu ya uvutano nayo itengenezewe mashine yake.

Wazo la mashine ya kazi moja katika elimu ya nyota halikuwa geni kabisa. Mwaka 1984 Gerald Sussman na wenzake nchini Marekani walikamilisha kifaa kilichoitwa Digital Orrery, cha kufuatilia mwendo wa sayari. Mwaka 1988 Sussman na Jack Wisdom walikitumia kuikokotoa njia ya Pluto kwa muda wa miaka milioni 845, wakagundua kwamba mwendo wake hauwezi kutabirika kwa muda mrefu. Lakini kifaa hicho kilikuwa cha miili michache. Wajapani walitaka maelfu.

Sugimoto alilichukua pendekezo la Chikada akalipeleka kwa vijana wake. Walikuwamo Junichiro Makino, Toshikazu Ebisuzaki na mwanafunzi Tomoyoshi Ito. Hawakuwa wahandisi wa viwanda vya kompyuta, bali watu wa elimu ya nyota walioanza kujifunza kuunganisha vifaa vya umeme.

Mwaka 1989 mashine ya kwanza ilikamilika. Ilikuwa bodi moja tu, iliyounganishwa na kompyuta ya kawaida kwa waya wa vifaa vya maabara. Waliipa jina la GRAPE, neno ambalo kwa Kiingereza ni tunda la zabibu, lakini kwao lilikuwa kifupi cha maneno yenye maana ya bomba la uvutano. Bodi hiyo ilifanya kazi ya hesabu milioni 240 kwa sekunde.

Usahihi wake ulikuwa mdogo. Hata hivyo, kwa galaksi zinazogongana hilo halikuharibu kitu, kwa sababu nguvu juu ya kila nyota ni jumla ya mivuto ya nyota maelfu. Mvuto mmoja ukizidishwa kidogo, mwingine unapunguzwa kidogo, na jumla inabaki karibu na ukweli.

Kama mafundi wa zege

Siri ya mashine hiyo inaweza kuelezwa kwa mfano ambao kila aliyewahi kupita kwenye ujenzi anaujua. Siku ya kumwaga zege, mafundi hujipanga mstari kutoka kwenye mchanganyiko hadi juu ya jengo, na makarai hupita mkono kwa mkono. Kila mtu ana kazi moja: kupokea na kupitisha. Karai la kwanza linachukua muda kufika juu, lakini baada ya hapo linafika karai moja kila dakika bila kukatika. Mtu mmoja anayepanda na kushuka na karai lake, hata awe na nguvu namna gani, hawezi kushindana na mstari huo.

Kompyuta ya kawaida ni yule mtu mmoja. Inasoma amri, inatafuta namba, inakokotoa, inaandika jibu, inasoma amri nyingine. Ndani ya GRAPE hapakuwa na kusoma amri. Sehemu ya kwanza ilitoa tofauti ya mahali pa nyota mbili, ya pili ikazidisha, ya tatu ikajumlisha, zilizofuata zikapata umbali na kuuzidisha na uzito, na ya mwisho ikaongeza jibu kwenye jumla. Sehemu zote zilifanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na jozi yake ya nyota.

Kazi iligawanywa kwa busara. Kompyuta ya kawaida ilibaki na mambo yanayobadilika, kama kusogeza nyota, kutunza kumbukumbu na kushughulikia nyota pacha. GRAPE ilibeba salamu za harusini peke yake. Kwa kuwa salamu ndizo karibu kazi yote, mwanasayansi aliweza kubadili programu yake apendavyo bila kugusa mashine.

Matoleo yalifuatana haraka. GRAPE-2 ilikuja mwaka 1990 ikiwa na usahihi mkubwa zaidi, na GRAPE-3 mwaka 1991 ikiwa na chipu waliyoibuni wenyewe. Tangu hapo ukawa utaratibu: matoleo ya namba witiri yalikuwa ya usahihi mdogo kwa ajili ya galaksi, na yale ya namba shufwa ya usahihi mkubwa kwa ajili ya makundi ya nyota.

Jibu lapatikana

Mwaka 1995 GRAPE-4 ikawa tayari. Ilikuwa na chipu 1,692, na uwezo wake wa juu ulikuwa hesabu trilioni 1.08 kwa sekunde. Hakuna kompyuta iliyokuwa imewahi kuvuka trilioni moja. Kompyuta ya kawaida ya kwanza kufika hapo, ASCI Red ya maabara ya Sandia nchini Marekani, ilivuka kiwango hicho mwishoni mwa mwaka 1996. Kazi zilizofanywa kwa GRAPE-4 zilipewa tuzo ya Gordon Bell, inayoheshimiwa sana na watu wa kompyuta kubwa, mwaka 1995 na tena mwaka 1996.

Lakini kwa Sugimoto na Makino tuzo haikuwa ndiyo shabaha. Makino aliiwekea mashine kundi la nyota 32,768, yaani zaidi ya jozi milioni 536. Akaliacha lisinyae, lifikie mporomoko, na liendelee.

Kiini kilipanuka. Kisha kikasinyaa. Kisha kikapanuka tena.

Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1996. Utabiri uliokuwa ukibishaniwa kwa zaidi ya miaka 10 ulikuwa umethibitishwa kwa nyota moja moja, bila kulifanya kundi kuwa gesi. Aliyetabiri na aliyethibitisha walitoka katika kikundi kimoja, na kilichowatenganisha na jibu muda wote huo kilikuwa ni mashine tu.

Mwezi, mashimo meusi na wageni wa mbali

Bodi za GRAPE hazikukaa Tokyo peke yake. Zilipelekwa kwa watafiti wa Ulaya na Marekani, na Aarseth kule Cambridge alizitengenezea programu. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida mezani aliweza kuchomeka bodi na kufanya utafiti ambao zamani ungehitaji kuomba muda kwenye kituo cha taifa.

Eiichiro Kokubo na Shigeru Ida walitumia mashine hizo kuchunguza sayari zinavyozaliwa kutokana na mawe madogo yanayolizunguka jua changa. Waliona kwamba wakubwa wachache hukua haraka kuliko wengine, kisha hutengana kila mmoja na eneo lake, kama wafugaji wanaogawana malisho. Walionyesha pia kwamba vifusi vilivyorushwa kuizunguka Dunia baada ya kugongwa na mwili mkubwa vingeweza kukusanyika na kuwa Mwezi kwa muda wa chini ya mwaka mmoja.

Mwaka 2002 ilikamilika GRAPE-6, yenye chipu 2,048 na uwezo wa juu wa takriban hesabu trilioni 64 kwa sekunde. Mwaka huo huo Japani ilizindua Earth Simulator, kompyuta iliyotajwa kuwa ya kwanza duniani kwa kasi, yenye uwezo wa juu wa takriban trilioni 41. GRAPE-6 haikuonekana kwenye orodha hiyo ya kompyuta 500 bora. Mtihani wa kuingilia ni kutatua milinganyo ya aina nyingine, na GRAPE-6 haikujua hesabu hiyo.

Mwaka 2004 Simon Portegies Zwart na wenzake, akiwamo Makino, walitumia GRAPE-6 kuliiga kundi changa la nyota lililomo katika galaksi ya M82, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 12. Waliona nyota kubwa zikianguka katikati na kugongana mfululizo hadi ikapatikana moja yenye uzito wa jua 800 hadi 3,000. Walieleza kwamba nyota kama hiyo inaweza kuishia kuwa shimo jeusi la ukubwa wa kati, aina ambayo wataalamu wamekuwa wakiitafuta kwa muda mrefu.

Mshindani atokea chumba cha michezo

Anguko la GRAPE halikuletwa na kompyuta kubwa ya serikali yoyote. Lililetwa na vijana wanaocheza michezo ya video.

Ili picha za michezo zionekane kama za kweli, kadi za michoro zilihitaji kufanya hesabu ndogo ndogo nyingi sana kwa mara moja. Wanunuzi walikuwa mamilioni, hivyo viwanda viliweza kumwaga fedha katika kila toleo jipya. Mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa programu iliyowawezesha wanasayansi kutumia kadi hizo kwa hesabu zao. Mwaka huo huo watafiti wa uvutano walianza kuonyesha kwamba kadi ya kununua dukani inakaribia au kuifikia bodi ya GRAPE.

Upande wa pili, gharama ya kubuni chipu mpya ilikuwa ikipanda kama moshi. Kwa makadirio ya Makino mwenyewe, kuanzisha chipu moja kuligharimu yapata dola za Marekani 200,000 mapema miaka ya 1990, dola milioni moja mwaka 1997, na takriban dola milioni nne mwaka 2004. Kikundi cha chuo kikuu hakiwezi kukimbizana na bei hiyo wakati wateja wake ni watafiti wachache.

Mwaka 2009 tuzo ya Gordon Bell ya matumizi bora ya fedha ilikwenda kwa Tsuyoshi Hamada wa Chuo Kikuu cha Nagasaki na wenzake. Walikuwa wamekusanya kadi 256 za michoro kwa takriban dola 230,000 na kuzitumia kukokotoa uvutano. Mwaka 2016 kikundi kingine, kikiongozwa na Long Wang, kilitangaza kwamba kimefuatilia kundi la nyota milioni moja kwa kutumia kadi za namna hiyo. Kati ya waliotia sahihi kazi hiyo alikuwamo Aarseth, aliyeanza safari hii katika miaka ya 1960.

Kilichobaki

Je, basi GRAPE ilikuwa kazi bure? Ukitazama kinachoendelea leo, utaona sivyo.

Wazo lake lilihamia kwenye tiba. Taasisi ya RIKEN ya Japani iliunda MDGRAPE-3, iliyofikia uwezo wa juu wa hesabu trilioni 1,000 kwa sekunde mwaka 2006, kwa ajili ya kuchunguza mwendo wa protini mwilini. Nchini Marekani, kampuni ya utafiti ya D. E. Shaw ilianza mwaka 2008 kutumia mashine iitwayo Anton kwa kazi kama hiyo.

Kisha ikaja akili bandia. Google ilianza mwaka 2015 kutumia katika vituo vyake chipu iliyobuniwa kwa hesabu moja inayotawala akili bandia, kuzidisha majedwali ya namba. Hoja ni ile ile ya mafundi wa zege: kama kazi ni moja na ni nyingi, usimtume mtu mmoja hodari, panga mstari.

Makino naye hakuacha ufundi. Akiwa Chuo Kikuu cha Kobe, alishirikiana na kampuni ya Preferred Networks kubuni chipu ya MN-Core kwa ajili ya akili bandia. Juni 2020 kompyuta iliyojengwa kwa chipu hiyo, MN-3, ilishika nafasi ya kwanza duniani katika orodha ya Green500 ya kompyuta zinazofanya kazi nyingi kwa umeme kidogo.

Jambo ambalo fedha haziwezi kulifuta ni kwamba ubishi wa miaka ya 1980 ulikwisha. Kati ya mwezi Septemba na Oktoba, mwenye darubini ndogo anaweza kuitazama M15, kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru takriban 33,000, ambalo wataalamu wanaamini kiini chake kimeshaporomoka. Litaonekana limetulia kimya, na mtazamaji hataona kitu kikisogea hata akikesha maisha yake yote. Lakini sasa inajulikana kwamba moyo wa kundi kama hilo unaweza kupanuka na kusinyaa, pumzi moja ikichukua muda mrefu kuliko historia yote ya binadamu. Walioligundua hilo walianza na bodi moja, waya wa maabara, na mwanafunzi mmoja aliyekubali kujifunza kazi asiyoijua.